Jina Langu Kwenye Simu za Watu

Mama mmoja kutoka Mofu alimtoa mwanawe kwenye mzani, akamfunga mgongoni, kisha badala ya kunipisha nimwite mwingine akaniinamia sikioni.

"Sista," akasema, "zile hela zetu zinatoka lini?"

Nilidhani anauliza fedha za kaya maskini. Pale kliniki ya mama na mtoto watu huniuliza kila kitu, kuanzia dawa ya chango mpaka bei ya mbolea, kwa sababu nimewazalisha wengi na kwao nesi ni mtu wa serikali aliye karibu. Nikamwambia aende kwa mtendaji wa kijiji chao. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua kwamba mwenzake hawezi kusema mambo hadharani.

"Nimekuelewa, sista. Ila mume wangu ananisumbua. Nimwambie ni Ijumaa?"

"Ijumaa ya nini, mama?"

Akageuka kuwatazama wanawake waliokuwa kwenye mabenchi, akafungua pindo la kanga, akatoa simu yake ndogo na kunipa nisome. Ilikuwa meseji ya kutuma pesa. Ilisema fedha zake zimepokelewa, na aliyezipokea nilikuwa mimi. Yalikuwa majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, na la tatu ni la babu yangu, mtu wa kabila la Wandamba, jina ambalo sijawahi kulisikia nje ya ukoo wetu. Namba ya simu sikuitambua.

Nilimrudishia simu yake. Nakumbuka nilimwita mtoto aliyefuata, nikamweka kwenye mzani, na nikashindwa kusoma mshale umesimama wapi.

Kazi ilipoisha nilimfuata yule mama kwenye kivuli cha ukuta alikokuwa akinisubiri. Akanieleza kila kitu bila wasiwasi, kama mtu anayemkumbusha bosi biashara yake mwenyewe. Lilikuwa jukwaa la uwekezaji la mtandaoni. Ukiingia unaona picha za mashamba ya mpunga, kijani mpaka mwisho wa macho, na maghala makubwa. Unanunua gunia bila kuliona, wenyewe wanaliita gunia la mtandaoni, na kila Ijumaa faida inaongezeka kwenye skrini. Walioanza mapema walilipwa kweli. Jirani yake alitoa faida akanunua bati. Watu wakaona bati juu ya nyumba, wakaamini.

"Mimi niliogopa mwanzoni," akasema. "Lakini ukitaka kutuma, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Nilipoona ni wewe, nikasema, aa, kumbe ni sista wetu. Huyu hawezi kutudhulumu."

"Mbona hukuja kuniuliza?"

"Kwenye kundi letu la simu walisema mhasibu ni mtu wa huku huku kwetu, ila ni mtumishi wa serikali, tusimsumbue kazini."

Nilimwambia kwamba sijui chochote. Niliapa. Nikauona uso wake ukibadilika polepole, kwanza akidhani natania, kisha akidhani namkana. Alipoondoka hakuniaga.

Mume wangu ni fundi seremala, karakana yake iko uani kwetu. Nilimkuta akipiga randa, nikamweleza, naye akaiacha randa juu ya mbao. Kisha akasema tuhakiki laini. Kuna njia ya kuangalia kwenye simu ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nilijua ipo, sikuwahi kuitumia. Tukaingiza namba ya kitambulisho, tukasubiri. Ikaja orodha. Nilizijua mbili, ile ninayotumia na ile ya zamani niliyomwachia mama mkwe. Chini yake zilifuata nyingine ambazo sijawahi kuziona maishani.

Hapo ndipo nikakumbuka mwavuli. Laini yangu ilipoharibika nilikwenda karibu na stendi ambako vijana husajili laini chini ya miavuli. Yule aliyenihudumia alikuwa na adabu sana, aliniamkia shikamoo kabla sijafika. Aliniambia niweke kidole kwenye kile kimashine. Nikaweka. "Haijasoma, mama. Weka tena." Nikaweka tena. "Mtandao unasumbua leo. Jaribu kidole kingine." Nikafuta jasho kwenye gauni na kuweka kingine. Jua lilikuwa kali, nami nilimwonea huruma kwa mtandao wake mbovu.

"Kila alipokwambia haijasoma," mume wangu alisema, "ilikuwa imesoma."

Baada ya hapo watu wakaanza kuja. Jukwaa lilikuwa limetangaza kwamba mfumo uko kwenye maboresho. Kisha likataka kila mtu alipe kodi kidogo ndipo atoe fedha zake, na waliolipa hawakupata kitu. Mwishowe lile kundi la kwenye simu likafungwa. Waliobaki nje hawakuwa na ofisi ya kwenda, wala anwani, wala mtu wa kumshika shati. Walikuwa na jina, na mwenye jina alikuwa anapatikana kila siku, amevaa sare nyeupe, anachanja watoto.

Walikuja wakulima wa Namawala. Alikuja mwenye duka la vitambaa, mzee Mwislamu mwenye asili ya pwani ambaye kwenye duka la nduguye ndiko ninakonunua madaftari ya wanangu. Huyu hakuwa amepoteza chochote. Alikuja kunionya. "Mwanangu," akaniambia, "dukani kwangu watu wanazungumza. Usitembee peke yako."

Kisha akaja mfugaji mmoja.

Alifika kliniki mchana, mabenchi yakiwa yamejaa wanawake na watoto wao. Alikuwa mzee Msukuma mrefu, mmoja wa wale waliohamia bondeni na mifugo yao miaka ya karibuni, na fimbo ameiweka begani. Alinisalimia "Mwangaluka," nami nikaitikia "Mwangaluka," kwa sababu salamu ya asubuhi ya Kisukuma nimejifunza wodini, ingawa asubuhi ilikuwa imeshapita. Akavuka mabenchi mpaka mezani kwangu. Wanawake wakawavuta watoto wao karibu.

"Wewe ndiye wewe?" akauliza, kisha akalitamka jina langu lote, taratibu, kama mtu anayesoma jiwe la kaburi.

"Ni mimi, baba."

"Nimeuza ng'ombe. Nataka ng'ombe wangu."

Nikamweleza. Kwamba nimesajiliwa laini bila kujua. Kwamba mimi pia nimeibiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Hayo ya kidole mimi siyajui," akasema. "Mimi sikupeleka hela kwa kompyuta. Nimepeleka kwa mtu mwenye jina. Na mwenye jina ni wewe."

Akawatazama wale wanawake, akawatazama watoto, akanitazama mimi. "Nitarudi," akasema, akatoka. Nikachukua kadi ya mtoto aliyefuata.

Jioni ile mume wangu alinitaka niondoke Ifakara. Kwao ni Masagati, mbele ya Mlimba, mahali ambako mvua ikinyesha hata pikipiki inasita. "Nenda kwa shangazi," akasema. "Kaa huko mpaka mambo yapoe. Huko hakuna atakayekufuata."

Nilianza kufunga nguo. Sijifanyi shujaa, niliogopa kiasi kwamba nilikunja gauni moja mara kadhaa na kila mara nikalikuta limefunguka mikononi mwangu. Kilichonizuia ni kwamba nisingeweza kuondoka kazini bila ruhusa, na ili kuomba ruhusa ilinibidi nimweleze mganga mfawidhi sababu. Yeye ndiye aliyenielekeza kwa mwanasheria mmoja, dada mdogo kwangu kwa umri, anayetoa msaada wa kisheria kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko.

Mwanasheria alinisikiliza huku akiandika. Nilipofika mahali pa Masagati akaweka kalamu chini.

"Dada, ukikimbia umekwisha. Laini ina jina lako, fedha zimepita kwenye laini hiyo, halafu wewe hupatikani. Mpelelezi atafikiri nini?"

"Basi nifanye nini?"

"Nenda polisi mwenyewe kabla hawajakufuata. Na usimlipe mtu yeyote hata shilingi."

Hilo la pili lilinishtua, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuwaza na mume wangu kuuza kipande cha shamba ili angalau yule mfugaji anyamaze. Mwanasheria akatikisa kichwa. Alisema nikimlipa mmoja nitakuwa nimekiri kwa wote. Akanieleza kwamba sheria inaita mchezo wa namna ile upatu, yaani wa mwisho wanawalipa wa kwanza mpaka wa mwisho wanakosa wa kuwalipa, na kuuendesha ni kosa la jinai. Kukusanya fedha za watu kwa ahadi ya faida bila leseni ni kosa lingine. Kutumia mtandao kudanganya ni la tatu. Kila alipotaja moja nilijiona navishwa nguo juu ya nguo, na hakuna iliyokuwa yangu.

"Lakini walikuwa na cheti," nikasema. Yule mama wa Mofu alikuwa amenionyesha picha ya cheti chenye muhuri.

Akaniomba nikitafute. Nilipompelekea picha hiyo aliitazama kidogo tu. "Hiki ni cheti cha kusajili kampuni. Kinasema kampuni ipo, basi. Mtu yeyote anaweza kusajili kampuni. Leseni ya kukusanya fedha za watu na kuziwekeza hutolewa na mamlaka inayosimamia mambo hayo, na majina ya waliopewa yako wazi, unauliza tu. Hawa hawapo. Wala hawajawahi kuomba."

Nilifikiria watu wote waliouona ule muhuri na kutulia. Kisha, walipotaka kutuma, wakaona na jina langu.

Mwanasheria alinisindikiza mpaka kituo cha polisi, na hilo sitalisahau. Mume wangu alikuwa nyuma yetu, amevaa shati lake la kanisani. Nilidhani nikieleza watanishukuru, waandike taarifa na kuniambia niende nyumbani. Askari wa mapokezi alipoisikia namba ile alimtazama mwenzake. Kumbe walikuwa wanaitafuta. Taarifa za waliodhulumiwa zilikuwa zimefika mkoani, na mpelelezi wa makosa ya mtandao alikuwa njiani kuja kunikamata.

Mpelelezi mwenyewe alikuwa mwanamke, mtu wa sauti ya chini. Alichukua simu yangu akaifunga kwenye bahasha. Akaniambia natuhumiwa kwa kosa gani, kwamba silazimiki kusema neno lolote, na kwamba nitakalolisema linaweza kutumika mahakamani kama ushahidi dhidi yangu. Nimekuwa nikiwaambia wanawake habari mbaya kwa sauti kama hiyo, ya upole, isiyo na haraka. Sikujua inavyosikika ukiwa upande wa pili.

"Unamjua aliyesajili laini hizi?"

"Ni kijana wa mwavuli. Jina lake silijui."

"Umewahi kupokea fedha kutoka kwenye namba hii?"

"Hapana."

"Una uhakika? Maana tutaangalia."

Nikaanza kujitilia shaka mimi mwenyewe. Nilikumbuka mtu aliyewahi kunitumia hela kwa makosa, nikamrudishia. Ilikuwa namba gani? Je, kama ndiyo hii? Kama walinitumia kwa makusudi ili nichafuke? Nikamwambia hata hilo, mwanasheria akiwa ameduwaa pembeni. Mpelelezi aliandika yote kwa mkono, akanisomea, nikatia sahihi na dole gumba. Nilipoona wino kwenye kidole niliufuta kwenye gauni.

Dhamana ilitaka wadhamini wawili wenye barua za mwenyekiti wa mtaa. Mmoja alikuwa ndugu wa mume wangu. Wa pili hatukuwa naye. Wenzangu wa kazini waliomba radhi, kila mmoja na sababu yake, na siwalaumu. Nilikaa kwenye benchi la kituo nikitazama mlango wa mahabusu, sauti za watu wa ndani zikisikika. Jua lilipoanza kupungua nikamwona yule mzee wa duka la vitambaa anaingia, kofia yake mkononi na barua mkononi. Mume wangu alikuwa amemfuata dukani bila kuniambia.

"Mzee, utajiingiza kwenye matatizo," nilimwambia.

"Nimefunga duka kuja hapa," akajibu. "Usinirudishe."

Nikaruhusiwa kurudi nyumbani kwa sharti la kuripoti kituoni kila wiki na kutotoka nje ya wilaya. Ndiyo ukawa utaratibu wa maisha yangu. Kazini nilihamishwa kutoka kliniki, nikawekwa stoo kupanga vyandarua na maboksi ya glovu. Mganga mfawidhi alisema ni kwa usalama wangu, na huenda ilikuwa kweli, lakini nilijua pia kwamba akina mama walikuwa wamekataa kuniletea watoto. Mmoja alimwambia nesi mwenzangu kwamba hawezi kumpa mwizi mtoto wake amchome sindano.

Siku moja tulirudi kutoka kanisani tukakuta mlango wetu umeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa: TOA HELA ZETU. Mume wangu alichukua msasa akaufuta mlango mpaka mbao ikaonekana nyeupe. Binti yangu mkubwa alisimama akitazama, akauliza kama ni kweli tunazo. Nilitaka kumkaripia, nikashindwa, kwa maana alikuwa ananiuliza kwa nia njema. Alitaka kujua kama zipo ili tuzitoe na watu wetu waturudie.

Nilianza kuogopa vitu vidogo. Pikipiki ikisimama karibu na uzio, nilisimama na mimi. Simu niliyoazimwa ikiita namba ngeni, nilimpa mume wangu apokee. Kila siku ya kuripoti niliamini kwamba safari hii hawataniachia, na nilikuwa navaa nguo mbili kwa sababu nilisikia sakafu ya mahabusu ni baridi. Ukiwa na ugonjwa, angalau unajua mwili wako unataka nini. Mimi sikujua sheria inataka nini kwangu. Mwanasheria alinieleza mara nyingi, nami nilielewa kila sentensi, lakini nikifika mlangoni pa kituo yote yalinitoka.

Kisha wakaitisha mkutano ofisi ya kata. Alikuja ofisa wa mamlaka inayotoa leseni, kijana nadhifu mwenye viatu vilivyojaa vumbi letu, pamoja na yule mpelelezi. Mwanasheria alinishauri niende na nikae mbele. "Ukikaa nyumbani watasema unajificha." Nikakaa mbele, mume wangu kushoto kwangu. Viti vya karibu nasi vilibaki wazi.

Ofisa alieleza kwamba jukwaa lile halina leseni na halijawahi kuwa nayo. Alieleza tofauti ya kampuni iliyosajiliwa na kampuni iliyoruhusiwa kupokea fedha za watu. Alisema hata wale waliowaingiza wenzao kwa ajili ya bonasi wanaweza kuhojiwa, na hapo ukumbi ukatulia, kwa sababu wengi waliokuwa wanalia walikuwa wamemwingiza dada, shemeji au jirani. Mtu akauliza lini serikali itawarudishia. Ofisa akafunga faili lake.

"Serikali haikuzichukua," akasema. "Fedha zikipatikana, mahakama ndiyo itaamua zigawanywe vipi. Zisipopatikana, siwezi kuwaahidi kitu."

Kelele zikapanda. Katikati ya kelele yule mfugaji akasimama nyuma, na watu wakampa nafasi.

"Mimi nina swali dogo," akasema. "Huyu nesi ni mwizi au si mwizi?"

Mkono wa mume wangu ulinishika. Nilimtazama mpelelezi, nikimwomba kwa macho aseme neno moja tu.

"Uchunguzi unaendelea," mpelelezi akasema.

Lilikuwa jibu la haki, leo nalielewa. Siku ile nilihisi kama amenisukuma mtoni. Tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukapita kwenye mashine za kukoboa mpunga ambako kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu akikutukana husikii.

Mvua za masika zilikuja, mto ukajaa, watu wa Mofu wakawa wanafika mjini kwa taabu, na vitisho vikapungua kwa sababu ya tope tu. Nilikuwa stoo nikihesabu vyandarua nilipoitwa kituoni siku ambayo haikuwa ya kuripoti. Nilimwaga maji niliyokuwa nayo. Nilimpigia mume wangu nikamwambia awachukue watoto shule.

Mpelelezi alinikaribisha kiti. Alikuwa na majibu kutoka kampuni ya simu. Zile laini zilisajiliwa siku moja, zikifuatana, na wakala mmoja, kwa vidole vyangu. Hazikuwahi kuwaka kwenye simu yangu, wala hazikuwahi kuwaka Ifakara baada ya siku ile. Fedha zilitolewa kwenye miji ya mbali, siku ambazo kitabu cha zamu kilionyesha niko wodini nazalisha. Kijana wa mwavuli alikuwa amekamatwa Mlimba na amekiri kuuza laini kwa mtu aliyewasiliana naye kwa simu tu.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo wewe si mtuhumiwa tena. Wewe ni shahidi wa Jamhuri."

Nilidhani nitafurahi. Nilimwuliza kama ushahidi ni lazima, akasema nitaletewa wito, na asiyeitikia wito wa mahakama anaweza kukamatwa. Nikatambua kwamba nimetoka kuogopa kitu kimoja na kuingia kuogopa kingine. Waliokuwa na fedha za watu walikuwa bado huko nje, wana namba zangu, wana majina yangu, wana alama za vidole vyangu kama vile nimewaachia mikono. Nami nilitakiwa kusimama hadharani na kutoa ushahidi dhidi yao.

Siku ya kesi mashahidi tuliwekwa kwenye ukumbi mwembamba wa nje ya mahakama, kwenye benchi moja. Niliyekaa naye alikuwa yule mfugaji. Yeye pia alikuwa ameitwa. Tulikaa muda mrefu tukisikiliza majina yakiitwa ndani. Alikuwa amepungua mwili. Nilimwamkia, akaitikia.

"Wamenieleza habari ya vidole," akasema baadaye, bila kunitazama. "Sasa naielewa."

"Ahsante, baba."

"Siku ile nilipokuja kliniki nilikuwa na kisu."

Alisema kwa sauti ile ile, kama anayeniambia alikuja na mwavuli. Nilibaki nimeshika mkoba wangu magotini.

"Nilikuwa nimeamua," akaendelea. "Ng'ombe wale si wangu peke yangu, ni wa wadogo zangu pia. Ningerudi vipi kwao?"

"Kwa nini hukufanya?"

Akafikiri. Nilidhani atasema aliona machoni mwangu kwamba nasema kweli. Nililitaka sana jibu hilo.

"Watoto walikuwa wengi mle ndani," akasema.

Karani akatoka, akaniita. Nilisimama, nikamfuata. Ndani nikaapishwa, mwendesha mashtaka akaniambia nitaje majina yangu kamili ili mahakama ielewe. Hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani, akainua kalamu. Nikayataja, nikasikia minong'ono nyuma yangu. Nikaeleza habari ya mwavuli, na kimashine, na kidole. Kijana aliyenisajili alikuwa kizimbani amevaa shati la mikono mirefu, na aliniangalia kwa adabu ile ile ya siku ya kwanza. Wakili wake akaniuliza kama nina hakika sikukubali kusajiliwa zile nyingine. Nikasema mtu hawezi kukubali asichoambiwa. Nilipotoka nje benchi lilikuwa tupu, yule mzee alikuwa ameingizwa kupitia mlango mwingine.

Kijana alitiwa hatiani. Wenye jukwaa hawajapatikana mpaka ninapoandika haya. Mamlaka ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi, likabandikwa kwenye ubao wa kata, na laini zote zilizosajiliwa kwa vidole vyangu zikafungwa. Waliopoteza fedha hawajarudishiwa. Yule mzee amehamisha mifugo iliyobaki kwenda upande mwingine wa bonde, nasikia kwa watu tu. Mama wa Mofu nilikutana naye sokoni akiuza kambale wa kukausha, akanifungia fungu kubwa kuliko nililolipia, akageuka kumhudumia mwingine kabla sijasema neno.

Mimi nimerudishwa kliniki. Akina mama wananiletea watoto tena, wanacheka na mimi, wananiuliza dawa ya chango. Mlango wa chumba changu cha kazi ulikuwa nyuma ya kiti changu. Nilimwomba mume wangu aje anihamishie meza upande wa pili, na tangu siku hiyo ninafanya kazi nikiwa nimeuelekea mlango, nimwone kila anayeingia.